Tope la Trela ni Mali ya Trela

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Idara ya Mwonekano Bora ilitangaza rasmi kwamba tope, kama tatizo, limekwisha. Tangazo lilikuwa na mihuri miwili, sahihi ya kijani ya Mkurugenzi Mkuu, na maneno "kuanzia leo" yaliyopigiwa mstari. Lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi. Kwa kuwa mlango wenyewe ulikuwa umerukiwa na tope mpaka usawa wa kitasa, ikabidi libandikwe juu zaidi, palipokuwa pasafi. Watumishi wafupi walielekezwa wasomewe.

Wa kwanza kulisoma alikuwa dereva wa idara. Watu walimwita Breki, maana alikuwa akishika breki hata kwa kuku ambaye bado anafikiria kuvuka. Miaka thelathini na mmoja alikuwa ameshika usukani wa idara hiyo bila kumkwaruza mtu, na alikuwa amebakiza miezi saba tu astaafu. Lakini ndani ya faili lake zilikuwamo barua mbili za onyo. Sheria ya idara ni ya haki kabisa: ukipata ya tatu unakwenda nyumbani siku hiyohiyo, bila kuagwa, bila kiinua mgongo, na bila ile saa ya ukutani ambayo wastaafu wote hupewa na ambayo haijawahi kutembea.

Alilisoma tangazo mara mbili. Akazunguka nyuma ya jengo kwenda kuangalia pikapu yake.

Hapo inafaa mtu alijue trela. Lilikuwa trela jeupe pe, la magurudumu mawili, na kazi yake ilikuwa kuvutwa na pikapu mtaa kwa mtaa ili wananchi wauone usafi kwa macho. Halikubeba kitu kingine chochote. Mbele yake palisimama ubao wenye picha ya Mkurugenzi Mkuu akitabasamu, uso mmoja mkubwa kama mlango, na chini yake maneno USAFI NI SISI. Mchoraji alikuwa ameshauri picha ielekee pembeni, ili watu wa njiani waione. Akajibiwa kwamba kiongozi lazima aangalie anakokwenda. Basi picha ikaelekezwa mbele, na mtu pekee aliyeiona vizuri siku zote akawa Breki, kwenye kioo.

Pikapu nayo ilikuwa kuukuu, magurudumu yake ya nyuma yametokeza nje ya bodi, na nyuma ya magurudumu hayo hapakuwa na kitu. Ile mipira miwili inayoning'inia kuzuia matope yasiruke, kila lori la mchanga mjini lilikuwa nayo. Pikapu ya Idara ya Mwonekano Bora haikuwa nayo. Mvua za kwanza zikanyesha, barabara zikalainika, magurudumu yakachota tope na kulitupa moja kwa moja kwenye lile tabasamu. Safari ya kwanza meno ya Mkurugenzi yalirudi meusi, na Breki akapata barua ya kumchafua kiongozi kwa uzembe. Safari ya pili likaruka jiwe, likabandua rangi puani. Hiyo ikawa barua ya pili.

Breki hakuwa mtu wa kulalamika. Alitafuta mpira wa tairi la lori lililochakaa, akakata vipande viwili, akaweka bolti nane na vyuma bapa viwili vya kubania ili mpira usichanike kwenye matundu. Kisha akaomba ruhusa kwa maandishi, kwa sababu gari la umma halitobolewi ovyo. Barua yake ilikuwa na mistari sita. Alieleza kwamba kazi ni ya nusu saa, ila vipimo vichukuliwe trela likiwa limefungwa nyuma na lina mzigo, maana pikapu ikivuta uzito hukaa chini, na ukipima ikiwa tupu, siku ya siku mpira utaburutwa chini na kukanyagwa na gurudumu wakati wa kurudi nyuma.

Bi Masijala, aliyepokea barua zote za idara na kuzigonga muhuri, aliigeuza ile barua kuangalia kama ina upande wa pili.

"Baba yangu, ndiyo yote hii?"

"Ndiyo yote, dada."

"Mistari sita! Watadhani unawatania. Hapa mtu akiomba ufagio anaandika kurasa nne."

Alisema kweli. Ombi jepesi kiasi kile liliwashtua wakubwa, ikaundwa Kamati Maalumu ya Udhibiti wa Mrusho. Mwenyekiti wake alikuwa Bwana Kifungu, mtu ambaye hata salamu hakuijibu mpaka aitafutie kifungu. Kamati ilikaa wiki sita. Ilizuru tope katika maeneo matatu, ikalipiga picha, ikapendekeza lizuriwe tena. Na siku ya mwisho ikatoa uamuzi, matunda yake yakiwa ndiyo yale aliyoyakuta Breki asubuhi ya tangazo.

Mipira ilikuwa imefungwa. Ilikuwa mipya, ya buluu, ina nembo ya idara, na imefungwa nyuma ya magurudumu ya trela.

Bwana Kifungu alikuwa amesimama pembeni akiitazama kwa upendo.

"Mwenyekiti," alisema Breki taratibu, "hii mipira iko kwenye trela."

"Naam."

"Tope linatoka kwenye magurudumu ya pikapu."

"Breki, nani anayechafuka?"

"Trela."

"Kanuni ya vifaa vya kinga, kifungu cha pili: kifaa cha kinga hutolewa kwa anayekingwa. Kofia ngumu anavaa nani? Mwenye kichwa, au anayerusha tofali?"

Miaka thelathini na mmoja ilikuwa imemfunza Breki kwamba kuna kona ambazo huwezi kuzikata, unasimama tu mpaka zipite. Lakini safari hii aliogopa. Jumatano alikuwa na safari, na mawingu yalikuwa yameshajaa.

Jumatano picha ilirudi haina uso. Lilikuwa limebaki sikio moja. Kamati ilitoa taarifa kwamba mradi umefanikiwa kwa asilimia mia, kwa kuwa hakuna gari lolote lililokuwa nyuma ya trela lililolalamika. Tope la mbele likabaki kuwa suala la nidhamu, na Breki akaitwa kwenye shauri siku ya Ijumaa.

Jioni ya Alhamisi alikaa nyumbani kwake akiwa ameshika kikombe cha chai mpaka ikapoa. Mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani na alikuwa akikunja pindo la sare za shule, alimtazama juu ya miwani.

"Baba watoto, chai haijakukosea."

"Kesho wananifukuza, mama watoto. Miezi saba imebaki! Natoka mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku. Na mipira ninayo, iko chini ya kiti changu cha gari, nimekata kwa mkono wangu! Nusu saa tu!"

"Hebu punguza sauti, sijui kama majirani nao wako kwenye kamati." Alikata uzi kwa meno. "Tatizo lako unabishana nao kuhusu mpira. Aliyekataa kuelewa haeleweshwi. Hao hawatafuti tope limetoka wapi. Wanamtafuta mwenye tope."

"Na wameshampata. Mimi."

"Wewe una kitabu cha trela?"

"Nina kitabu cha pikapu, kile ninachosaini kila siku. Trela halina kitabu."

"Haa," alisema mkewe, akarudi kwenye pindo lake.

Chumba cha mashauri kilikuwa na meza ndefu, viti saba vya kamati, na mahali pa mshtakiwa palipochorwa duara kwa chaki. Mshtakiwa husimama. Breki alisimama tangu saa nne. Saa saba kamili Bwana Kifungu alikuwa katikati ya sentensi. Akaiacha hapohapo, akafunga kalamu.

"Mapumziko ya mchana," alisema. "Kanuni za utumishi, kifungu cha kwanza kabisa. Mapumziko hayaahirishwi kwa jambo lolote."

"Na mimi, mwenyekiti?"

"Mshtakiwa hana ruhusa ya kuondoka wala kukaa kamati ikiwa haipo. Nani atakayeruhusu?"

Walikwenda wakala. Breki akasimama kwenye duara lake saa nzima, magoti yakimwuma, akisikia vijiko vyao ng'ambo ya ukuta. Hasira ilimpanda mpaka masikioni. Waliporudi, Bwana Kifungu aliimalizia sentensi yake kuanzia neno aliloliachia.

"...tope hilo lilikutwa wapi?"

"Kwenye trela."

"Kwa hiyo tope la pikapu liko kwenye pikapu, na tope la trela liko kwenye trela. Tope la trela ni mali ya trela. Katibu, andika."

Breki alivuta pumzi. "Nakubaliana na mwenyekiti."

Kamati nzima iliinua vichwa. Haikuwa imezoea.

"Nakubali kabisa," alisema. "Ila mimi kitabu changu kinasema dereva wa pikapu. Sasa mwenye trela ni nani? Naomba kuona kitabu chake tu, niridhike, niondoke."

Mjumbe mmoja alikohoa. Mwingine akainama kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Trela la umma limetembea miezi mitano bila kitabu! Kwa kanuni za idara, kosa hilo lilikuwa kubwa kuliko tope, na wenye kosa walikuwa wamekaa viti saba kwenye meza ile.

Shauri liliahirishwa palepale. Barua ya tatu ya Breki ikawekwa kiporo mpaka mwenye trela ajulikane, na kabla jua halijazama ukatoka waraka wa dharura. Ulisema kwamba trela litakuwa na kitabu; kwamba kila siku atasaini humo Msimamizi wa Trela; kwamba tope lolote litakaloonekana kwenye trela litaandikiwa barua ya onyo kwa aliyesaini siku hiyo, kila tope barua yake, na nakala wizarani, bila kujali cheo. Kifungu cha tisa kiliongeza kwamba endapo itathibitishwa kwa maandishi kuwa tope limetoka nje ya trela, barua zote za namna hiyo zitafutwa. Kifungu hicho Bwana Kifungu alikiweka kwa ajili ya urefu tu.

Mkurugenzi Mkuu alisaini waraka kwa wino wake wa kijani bila kuvuka kichwa cha habari. Lakini neno "Msimamizi", lililokuwa kwenye kichwa hicho, alilipenda. Wiki iliyofuata idara ilikuwa na Maandamano ya Ushindi dhidi ya Tope, na yeye angepanda trela mwenyewe. Akaagiza kitabu kiletwe, akavuta mstari kwenye neno lile, akaandika juu yake "Msimamizi Mkuu", akasaini sahihi iliyojaza ukurasa mzima wa siku ya maandamano.

Siku ya maandamano mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri. Trela lilioshwa. Ubao wa picha ukaondolewa, kwa kuwa mwenyewe yupo na haikufaa aonekane mara mbili. Mahali pa picha akasimama Mkurugenzi Mkuu, suti nyeupe, viatu vyeupe, kipaza sauti mkononi, na ubavuni kwake Bwana Kifungu ameshika waraka.

Breki alishuka kwenye pikapu akavua kofia. Alikuwa na sababu zake za kunyamaza, lakini alikuwa dereva kabla hajawa mshtakiwa.

"Mheshimiwa, njia imelowa. Nakuomba uje ukae mbele na mimi. Tukifika uwanjani utapanda."

"Breki, tangazo umelisoma?"

"Nimelisoma, Mheshimiwa."

"Linasemaje?"

"Linasema tope limekwisha."

"Basi endesha. Na uangalie mbele, ndiyo kazi yako."

Breki aliangalia mbele. Alitembea polepole kama mtu aliyebeba mayai, na mtaa wa kwanza ukapita salama, suti ikiwa nyeupe vilevile. Watu walitoka madukani. Wachache walipiga makofi, kwa kuwa siku ile shule zilikuwa zimeambiwa zipige makofi.

"Dereva!" kilinguruma kipaza sauti. "Ongeza mwendo! Hii si mazishi!"

Amri ni amri. Breki akakanyaga mafuta.

Dimbwi la kwanza lilikuwa mbele ya kinyozi. Lilimpata Mkurugenzi kuanzia viatu mpaka mkanda. Alitikisa suruali, akaendelea kupunga mkono, na kila mtu akajitia hamnazo. Dimbwi la pili lilikuwa kwenye kona ya stoo ya mbao, na hilo lilichukua kifua, tai na waraka wote wa Bwana Kifungu. Mkurugenzi akaona sasa ndiyo wakati wa kuwatuliza wananchi kwa maneno. Alileta kipaza sauti mdomoni.

"Ndugu wananchi, napenda kuwahakikishia kwamba tope katika mji huu..."

"Mzee, funga mdomo!" alipiga kelele mama mmoja muuza mkaa. "Mbele kuna jingine!"

Hakufunga. Dimbwi la tatu lilikuwa kubwa kuliko yote mawili, na likaingia moja kwa moja kwenye hotuba. Kipaza sauti kilitoa mlio wa kubwia, kikazimika. Mtaa mzima ukaangua kicheko, hata kinyozi wa dimbwi la kwanza akaja mbio na mteja mwenye povu nusu ya kichwa. Breki alikuwa ameona yote kwenye kioo. Uso uleule, mahali palepale, ila safari hii hautabasamu.

Saa tano Bi Masijala alilikagua trela kwa mujibu wa waraka. Hakuwa na ubaya na mtu. Aliandika tope la kwanza, tope la pili na tope la tatu, kila moja na saa yake, akafungua kitabu kuangalia nani amesaini, akachapa barua tatu. Nakala akazitia kwenye gari la wizara ambalo huondoka saa tano na nusu. Kisha akabisha hodi ofisi ya juu.

Mkurugenzi Mkuu alikuwa akichokoa sikio kwa leso. Bwana Kifungu alikuwa akikausha waraka dirishani.

"Nini hizi?"

"Maonyo yako, Mheshimiwa. La kwanza, la pili na la tatu. Kwenye la tatu nimeonyesha mahali pa kukabidhi funguo."

"Nani... nani kaandika upuuzi huu?"

"Wewe, Mheshimiwa. Wino wa kijani."

"Rudisha nakala!"

"Gari limeshaondoka."

Mkuki kwa nguruwe. Mkurugenzi Mkuu alikaa chini kwa kishindo, na kiti cha ngozi kikaingia tope. Yeye naye alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu, na jumba lake jipya lilikuwa bado halijapauliwa. Alimgeukia Bwana Kifungu kwa macho ambayo hayakuwa na kifungu chochote.

"Cha tisa," Bwana Kifungu alinong'ona. "Kuna cha tisa. Inatakiwa mtaalamu athibitishe tope limetoka nje ya trela."

"Mtaalamu gani?"

Hapo ndipo Breki alipoitwa. Aliingia na kofia mkononi, akatafuta chini kama kuna duara la chaki. Halikuwapo.

"Kaa, kaa, ndugu yangu," alisema Mkurugenzi. "Hebu tuambie. Lile tope la leo limetoka wapi?"

"Mheshimiwa, mimi ni dereva tu. Kamati ilikaa wiki sita."

"Breki."

"Ililizuru sehemu tatu. Ililipiga picha."

"Breki, baba, nakuomba. Limetoka wapi?"

Breki aliinama akaangalia mikono yake. Moyo ulikuwa ukimdunda kwa furaha, na hakutaka kuimaliza haraka.

"Magurudumu ya nyuma ya pikapu," alisema. "Hayana mipira ya kulizuia."

"Andika! Bi Masijala, andika!"

Akaandika. Mkurugenzi akasaini, Bwana Kifungu akasaini kama shahidi, na kwa nguvu ya kifungu cha tisa zikafutwa barua zote za namna hiyo: tatu za Mkurugenzi, mbili za Breki, na ile ya kiporo. Bi Masijala aligonga muhuri mara sita, na ule wa mwisho aliugonga kwa nguvu kuliko mingine.

"Sasa hiyo mipira ifungwe leo hii, kabla wizara haijapiga simu!" alisema Mkurugenzi. "Ulisema nusu saa."

"Nusu saa, Mheshimiwa. Mipira iko chini ya kiti changu. Ila vipimo huchukuliwa trela likiwa na mzigo, niliandika. Na trela letu halijawahi kubeba mzigo, isipokuwa leo asubuhi."

Walitazamana. Kisha Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Mwonekano Bora na Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Udhibiti wa Mrusho wakashuka ngazi, wakapanda trela, wakasimama palepale walipokuwa wamesimama. Pikapu ikakaa chini kidogo. Breki akalala chali chini ya bodi na chaki yake na keekee.

"Msitikisike," alisema kutoka chini. "Mzigo ukitikisika, au ukishuka kabla sijamaliza, naanza upya."

Alifanya kazi kwa uangalifu, kama mtu aliyeingojea wiki sita. Alipima, akafuta, akapima tena, akatoboa. Watumishi walikuwa wamejaa madirishani. Mpira wa kulia ulipofungwa, bolti zote nne zimekaza, king'ora cha ofisi kikalia. Saa saba kamili.

Breki akatoka chini ya gari, akafuta mikono kwa kitambaa, akavaa kofia.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Mkurugenzi.

"Mapumziko ya mchana, Mheshimiwa. Hayaahirishwi kwa jambo lolote."

"Na sisi?"

Breki alimtazama Bwana Kifungu. Bwana Kifungu alitazama pembeni.

"Mwenyekiti atakueleza," alisema Breki, akaenda kula.